Ratiba ngumu kuliko zote: hesabu ya Giants inayosomwa kinyume

NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ilipotoa ratiba ya msimu wa 2025 katikati ya Mei, karibu kila tathmini ya New York Giants ilifunguliwa kwa sentensi ileile: Giants wamepewa ratiba ngumu kuliko timu zote 32. Kilichofuata kilikuwa moja kati ya mawili. Ama mwandishi alilalamika kwamba ligi imewaonea, ama alishangaa iweje timu iliyoshika mkia ikose ile ratiba laini inayodaiwa kuwekwa kando kwa ajili ya walioshika mkia. Malalamiko hayana msingi na mshangao pia hauna.

Maana yenyewe ni fupi. Ugumu wa ratiba ni jumla ya mechi walizoshinda wapinzani wako, igawe kwa jumla ya mechi walizocheza. Mpinzani utakayekutana naye mara mbili anahesabiwa mara mbili. Basi. Wapinzani wa Giants walishinda mechi 166 na kupoteza 123, ndiyo ikapatikana 0.574.

Walishinda lini? Mwaka 2024. Hapo ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu kuna hesabu mbili zinazotumia jina hilohilo. Ya kwanza hupigwa msimu ukiisha, kwa matokeo ya msimu huohuo, na ni ya NFL yenyewe. Timu zikilingana rekodi, ndiyo inayoamua nani atangulie kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu: aliyecheza na wapinzani dhaifu zaidi anachagua kwanza, kwa hoja kwamba kama umefungwa na wanyonge, basi unahitaji msaada zaidi. Giants wanaijua vizuri. Walimaliza 2024 wakiwa na ushindi 3 na vipigo 14, sawasawa na Tennessee Titans na Cleveland Browns. Ratiba ya Giants ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kati ya hao watatu, wakawekwa nafasi ya tatu. Titans wakamchukua kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Cam Ward. Giants wakamchukua Abdul Carter, ambaye kazi yake ni kuwawinda makwotabeki wa wenzake, kisha ikabidi wafanye biashara ya kurudi kwenye raundi ya kwanza ili wampate kwotabeki Jaxson Dart katika nafasi ya 25. Huo ni ugumu wa ratiba wenye meno.

Ya pili ndiyo hii ya kwenye tathmini. Inachukua wapinzani wa mwaka huu na kuwavika matokeo ya mwaka jana. Haiamui chochote, haimpi mtu nafasi yoyote. Ni burudani ya kupitisha miezi isiyo na mpira, na sina ugomvi nayo mpaka itumiwe kama utabiri, au kama ushahidi wa dhuluma.

Tuanze na dhuluma. Shabiki aliyekulia kwenye Ligi Kuu ya Tanzania amezoea timu 16, kila mmoja akikutana na kila mmoja nyumbani na ugenini, kwa hiyo nani kapangiwa nani si hoja. Timu ya NFL hucheza mechi 17 na kukutana na wapinzani 14 tu kati ya 31. Lakini hao 14 hawachaguliwi na mtu ofisini. Mechi 6 ni za divisheni yako, yaani kundi lako la timu nne. Nne ni dhidi ya divisheni nyingine ya konferensi yako, yaani nusu yako ya ligi, kwa zamu ya miaka mitatu. Nne nyingine ni dhidi ya divisheni ya konferensi ya pili, kwa zamu ya miaka minne. NFC East, divisheni ya Giants, walicheza na NFC North mwaka 2022, kwa hiyo 2025 wangekutana tena hata kama Giants wangekuwa mabingwa wa dunia. Zinabaki mechi 3, na hizo tatu tu ndizo zinazotegemea ulimaliza nafasi ya ngapi. “Ratiba ya walioshika mkia” yote ni hizo.

Na Giants walizipata! Walipangiwa San Francisco 49ers, New Orleans Saints na New England Patriots, wote walioshika mkia kwenye divisheni zao, jumla ya ushindi 15 wa mwaka 2024. Philadelphia Eagles, walio divisheni moja na Giants na mabingwa wa msimu wa 2024, walipangiwa Bills, Buccaneers na Rams, walioongoza divisheni zao kama wao, jumla ya ushindi 33. Yaani Giants walipunguziwa ushindi 18 kulinganisha na jirani yao. Sasa imekuwaje ratiba ya Eagles itoke nyepesi kidogo, ushindi 162 kwa 166?

Jibu ni kwamba timu haichezi na yenyewe. Eagles wanakutana na Giants mara mbili, na kila mara wanaongeza ushindi 3 kwenye hesabu yao, jumla 6. Giants wanakutana na Eagles mara mbili, na kila mara wanaongeza 14, jumla 28. Tofauti ni 22. Toa zile 18 walizopunguziwa, zinabaki 4, na 166 kutoa 162 ni 4. Wapinzani wengine wote wanalingana. Giants wenyewe ndio sehemu kubwa ya wepesi wa ratiba ya jirani zao, halafu mtu anaandika kwamba ligi inawachukia.

Kuhusu utabiri sina maneno mengi. Mwaka 2023 Washington Commanders walishinda mechi 4 tu, na kwa hesabu hii walikuwa chakula cha mchana. Akaja kwotabeki Jayden Daniels, wakashinda 12 mwaka 2024, na Giants walifungwa nao mara zote mbili. 49ers walitoka ushindi 12 hadi 6 katika kipindi hichohicho. Kwenye ratiba ya 2025 Minnesota Vikings walihesabiwa ushindi 14 walioupata na kwotabeki Sam Darnold, ambaye alikuwa ameshahamia Seattle. Aliyetazamiwa kushika nafasi yake, J.J. McCarthy, hakucheza hata mechi moja ya msimu wa 2024 kwa sababu ya goti. Zile 14 zilikuwa za nani tena?

Sisemi ratiba ya Giants ilikuwa nyepesi. Mwenye Eagles mara mbili, Lions na Chiefs hana wepesi wowote. Ila ndugu yangu uliyeandaa tathmini kabla hawajaenda Washington Septemba 7, ungeandika kwamba wapinzani wa Giants walishinda asilimia 57.4 ya mechi zao za 2024, ukiacha nje neno “wamepewa”. Nafasi ambayo ungeiokoa ungeitumia kutueleza kwotabeki Russell Wilson angekaa uwanjani wiki ngapi kabla mashabiki hawajaanza kumdai Dart.