Kidonda cheusi si kidonda kilichokauka

Ukitaja fangasi hapa Mombasa, mtu anawaza mapunye ya watoto au vidole vya miguu vinavyowasha. Ndiyo maana wengi huamini fangasi ni mambo ya kupaka dawa tu. Lakini wako fangasi wanaoishi kwenye udongo na mbao zinazooza. Mwendesha bodaboda akiburuzwa mtaroni pale Changamwe, vijimbegu vyao huweza kuingia ndani ya nyama pamoja na mchanga na vijiti.

Wengine husema: “Hayo huwapata wenye kisukari.” Kisukari kweli huongeza hatari. Hata hivyo, Mei 2011 kimbunga kilipopiga mji wa Joplin, Marekani, majeruhi 13 walipata fangasi hao vidondani na 5 wakafariki. Wenye kisukari walikuwa wawili tu.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kidonda kimekuwa cheusi, basi kinapona. Gaga la kawaida hukauka juu, na kidonda hupungua siku hadi siku. Fangasi hawa huingia kwenye mishipa ya damu na kuiziba; nyama ikikosa damu hufa, nayo ndiyo huo weusi. Ukiona weusi unatambaa, au unarudi baada ya daktari kuusafisha, mara nyingine na ukungu kama wa mkate uliolala, usingoje kesho. Omba kipande cha nyama kikatwe kipelekwe maabara, maana kupangusa juu kwa pamba hakutoshi.

Kufungua kapsuli na kunyunyizia unga wake hakusaidii: dawa za bakteria haziui fangasi. Hata flukonazoli, dawa ya fangasi ambayo wengi wanaijua, haiwawezi hawa. Inayotumika ni amfoterisini B kwa dripu, tena pamoja na kisu. Daktari hukata mpaka afikie nyama inayotoa damu, na huenda akamrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji mara kadhaa. Familia huona mtu wao anamalizwa vipande vipande, wakaomba wamtoe. Nawaelewa, lakini nyama iliyokufa dawa haiifikii, kwa sababu damu ya kuibeba haipiti tena.

Na kuosha kidonda kwa maji ya bahari? Yana mchanga na vijidudu vyake. Osha kwa maji safi yanayotiririka, kisha hospitali.

Mgonjwa mwenyewe haambukizi. Mama anaweza kumshika mkono wodini na kumlisha uji bila hofu.