Je, wajua kwa nini sindano nyingine huchomwa mkononi na nyingine pajani?

Mama anayempeleka mtoto kliniki huona jambo ambalo mara nyingi haelezwi. Mtoto mchanga anapopewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, muuguzi huilaza sindano hadi ikakaribia kulingana na ngozi ya mkono, lakini wiki chache baadaye, kwa chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, huisimamisha wima na kuichoma pajani. Tofauti hiyo haitokani na mazoea ya muuguzi. Mahali pa kuchoma huchaguliwa kwa kuangalia tabaka la mwili linaloifaa dawa hiyo, kasi inayotakiwa ya kuingia katika damu, na kilichopo jirani ambacho sindano haipaswi kukigusa.

BCG ndiyo inayodai mkono mtulivu zaidi. Dozi ya mtoto mchanga ni mililita 0.05, kama tone moja, na huwekwa ndani ya ngozi yenyewe, ambamo seli za kinga ni nyingi. Ikiingia sawasawa, papo hapo hutokea kiuvimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipotokea, huenda dawa imepita chini zaidi, na huko inaweza kuleta jipu. Kenya huichoma mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, ilhali Tanzania huichoma juu ya mkono wa kulia, karibu na bega, ndiyo maana makovu ya majirani hawa wawili hayafanani.

Chini ya ngozi kuna mafuta, na mishipa ya damu humo ni michache, kwa hiyo dawa hufyonzwa polepole. Hapo ndipo mgonjwa wa kisukari hujichoma insulini, tumboni au pajani, akibadilisha sehemu kila mara, kwa kuwa mafuta yanayochomwa mahali pamoja siku zote huvimba na kuacha kuifyonza vizuri.

Msuli una damu nyingi zaidi na hupokea dawa kwa kasi zaidi. Kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea, msuli wa paja, upande wa nje, ndio ulio mnene na ulio mbali na mishipa mikubwa. Msuli wa takoni bado ni mwembamba, na chini yake hupita siatiki, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi mguuni. Madaktari wa Uganda wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliougua malaria, wakachomwa kwinini takoni, kisha wakabaki na unyayo uliolegea usioweza kuinuka. Inauma kusoma habari hizo, kwa sababu ulemavu huo ungeweza kuepukwa. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, nayo ikichomwa msulini, huchomwa mbele ya paja. Mtu mzima anaweza kuchomwa takoni, lakini katika robo ya juu ya upande wa nje, mbali na mshipa huo.

Dawa inayopita kwenye mshipa wa damu, iwe kwa bomba la sindano au kwa dripu, hufika moyoni mara moja. Kasi hiyo huokoa maisha ya mgonjwa mahututi, lakini kilichokwisha kuingia hakirudishwi, na si kila dawa inayoruhusiwa kupita njia hiyo. Penisilini ya benzathini, ambayo hutumika kwa kaswende na kwa kumkinga mgonjwa wa homa ya baridi yabisi, ni nyeupe kama maziwa kwa sababu ina chembechembe zilizotengenezwa ziyeyuke taratibu ndani ya msuli kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo na kuua.