“Linafika nyuzi ngapi?” si swali la kununulia tanuri

Juzi nimeulizwa tena: “Nikinunua tanuri la nyuzi 1,300, si litachoma vyungu na kuyeyusha kioo pia?” Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na mara nyingi muulizaji ameshalipa. Hapana. Halitafaa kwa kazi zote mbili.

Namba ya kwenye kibati ni kikomo. Ukilifikisha tanuri la umeme hapo kila wiki, koili zinachakaa upesi. Upinzani wake unapanda, nguvu inapungua, na uchomaji uliokuwa wa saa 8 unafika saa 12. Kwa stonweya, yaani vyombo vya udongo mgumu, ya nyuzi 1,220, nunua la 1,300. Kwa udongo mwekundu unaochomwa 1,050, la 1,200 linatosha. Hapo sina la kuongeza.

Kinachonikera ni watu kusahau muda. Udongo na glezi, ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya chombo, havisomi kidhibiti cha joto cha tanuri. Vinaiva kwa joto na saa pamoja. Koni ni kipande kidogo cha udongo kinachoinama kikishaiva; namba 6 ya kampuni ya Orton huinama kwenye nyuzi 1,222 ukipandisha joto mwishoni kwa nyuzi 60 kila saa. Pandisha 150 kwa saa, haitainama mpaka 1,243. Koni ni ileile, lakini nyuzi ni tofauti. Kwa hiyo weka koni ndani kila unapochoma, hata kama kidhibiti chako ni kipya. Themokapo, kipimajoto cha ndani ya tanuri, hupima joto la ncha yake tu, na ya aina K hupotoka kadiri inavyozeeka. Nimewahi kufungua tanuri nikakuta koni ya rafu ya juu imelala kabisa na ya chini imesimama wima kama ilivyoingia, ilhali kidhibiti kilikuwa kimeridhika. Vikombe vya chini vilikuwa vikavu, glezi yake imekwaruza kama msasa.

Sasa kioo. Kuunganisha vipande bapa kunahitaji nyuzi kama 800 tu, kwa hiyo 1,300 haikusaidii kitu. Shida ni kwamba koili za ukutani hupasha kingo kabla ya katikati, na kioo kinapasuka kingali baridi. Ndiyo maana matanuri ya kioo huwekewa koili kwenye mfuniko. Halafu kuna kupoza, na hapa ndipo kazi za watu zinapofia. Kioo cha kawaida hushikiliwa karibu na nyuzi 500, juu au chini kidogo kulingana na mchanganyiko wake, kisha kinashushwa polepole. Niliwahi kutoa sahani nene, safi, isiyo na doa. Siku ya tatu ilipasuka yenyewe mezani, hakuna aliyeigusa. Mkazo ulikuwa umebaki ndani.

Majedwali ya kupoza hufuata unene, na mengi huchukulia kwamba kioo kinapoa sawasawa juu na chini. Kazi yangu hulala juu ya rafu nzito inayotunza joto. Kwa hiyo huongeza muda mara mbili. Siwezi kuthibitisha kwamba mara mbili ndiyo kipimo sahihi. Najua tu kwamba tangu nianze hivyo sahani zangu zimekaa.

Kuyeyusha kioo cha kupuliza ni mashine nyingine kabisa. Chungu cha kuyeyushia kikipoa huweza kupasuka, kwa hiyo tanuri hilo huwaka usiku na mchana kwa miezi, nyuzi 1,100 hivi wakati wa kazi na zaidi wakati wa kuyeyusha. Mvuke wa soda hula koili na matofali laini. Kioo kikimwagika ndani ya tanuri la mfinyanzi, kinazama kwenye tofali la sakafu kama asali kwenye mkate. Nimeng'oa matofali kama hayo kwa patasi, na hakuna hata moja lililofaa tena.

Kwa aliyeniuliza juzi: tanuri lako ni zuri kwa vyungu. Lichomee vyungu. Kabla ya kununua la kioo, muulize muuzaji koili ziko wapi, na kama kidhibiti kinaweza kushikilia nyuzi 500 kwa saa 10 bila kuyumba.