George wa Kwanza: si Kiingereza kilichompunguzia nguvu

Ninafundisha historia ya Uingereza, na kila tunapofika karne ya 18 nakutana na hadithi ileile: eti uwaziri mkuu ulizaliwa kwa sababu Mfalme George wa Kwanza, Mjerumani, hakujua Kiingereza, akaona heri awaachie mawaziri vikao vyao. Ni hadithi tamu kusimulia, lakini siikubali.

George alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1660. Alipotua Greenwich Septemba 1714 alikuwa na miaka 54, mtawala mzoefu aliyekwisha kuongoza majeshi vitani. Na mawaziri alizungumza Kifaransa, lugha ya majumba ya kifalme Ulaya nzima wakati huo, na Kiingereza chake kidogo kiliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Aliwaita mawaziri faragha, na siasa za nje hakumwachia mtu.

Kamba ya kumbana mfalme ilikuwa imefungwa kabla hajapanda meli. Sheria ya mwaka 1701 ilimzuia Mkatoliki yeyote kurithi kiti cha Uingereza. Malkia Anne alipofariki tarehe 1 Agosti 1714 bila mtoto aliye hai, jamaa zaidi ya 50 waliomzidi George kwa ukaribu wa damu walirukwa kwa sababu ya dini yao. Sheria hiyohiyo ilimkataza mfalme mgeni kuiingiza Uingereza vitani kuilinda nchi yake ya asili bila ridhaa ya Bunge. Aliyewekwa na Bunge angelipuuzaje? Uasi wa 1715 wa kumtawaza James Stuart, ndugu wa Anne kwa baba, ulishindwa, ila ulimfanya George asiwaamini kabisa Matory, chama cha Bungeni ambacho baadhi ya watu wake walimuunga mkono James. Hapo akabaki mikononi mwa Mawhig, chama pinzani cha Matory.

Kisha ukaja mwaka 1720. Kampuni ya South Sea, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa wa Kiafrika katika makoloni ya Hispania, ilijitwika sehemu kubwa ya deni la taifa. Mfalme mwenyewe alikuwa gavana, yaani mkuu, wa kampuni hiyo. Hisa moja ilipanda kutoka pauni kama 128 mwezi Januari hadi karibu 1,000 katikati ya mwaka, na kufikia mwisho wa Septemba ilikuwa chini ya 200. Watu walifilisika, na kashfa ikagusa hadi kasri, kwani mpenzi wa mfalme, Melusine von der Schulenburg, alikuwa amehongwa hisa. (Mke wa ndoa, Sophia Dorothea, alikuwa kifungoni Ahlden, nako alikaa zaidi ya miaka 30 hadi kufa. Ukatili huo siwezi kumsamehe George.) Robert Walpole, Mwhig anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza, ndiye aliyetuliza Bunge na kuwakinga wakubwa. Aprili 1721 akakabidhiwa Hazina, kwa kuwa alijua kupata kura katika Baraza la Makabwela (House of Commons), baraza la Bunge la wabunge wa kuchaguliwa.

George alifariki Osnabrück Juni 1727, akiwa safarini kwenda Hanover. Mwanawe, George wa Pili, alikisema Kiingereza vizuri, na alitaka kumwondoa Walpole ampe nafasi mwanasiasa mwingine, Spencer Compton. Walpole akalishawishi Bunge limpe mfalme mpya pauni 800,000 kwa mwaka. Akabaki madarakani hadi 1742, alipopoteza kura za Makabwela.