Rangi mpya haikifanyi kichwa cha treni kuwa kipya

Kazi yangu ni kukagua vichwa vya treni vya dizeli kwa niaba ya watu wanaotaka kuvinunua au kuvikodi. Kila msimu wa maonyesho ya reli ukipita, hasa InnoTrans ya Berlin inayofanyika Septemba kila baada ya miaka miwili, simu ni zilezile. Mteja amepiga picha kwenye reli za nje za uwanja wa Messe Berlin, kichwa kinang'aa, namba zimechorwa upya, naye ameshaamua: "Mhandisi, hiki ni kipya kabisa, tuandae mkataba." Namuuliza kimetengenezwa mwaka gani, hajui. Namba iliyo kwenye bamba la kiwanda, hakuiangalia. Saa ambazo injini imefanya kazi, hakuuliza. Nimechoka kulisikia hili, maana fedha zinazopotea ni mitaji ya kampuni changa na kodi za wananchi. Haya hapa madai ninayoyasikia zaidi, na jibu langu kwa kila moja.

"Kinang'aa, kwa hiyo ni kipya"

Rangi inathibitisha jambo moja tu, kwamba kichwa kimepita chumba cha rangi. Fremu ya kichwa cha treni ni chuma kizito kinachoweza kutumika miaka 40 na zaidi, na ndani ya miaka hiyo karibu kila kilichofungwa juu yake huweza kubadilishwa. Ndiyo maana umri wa rangi, umri wa injini na umri wa fremu ni vitu vitatu tofauti. Mwaka 2014 Rift Valley Railways, kampuni iliyokuwa ikiendesha reli ya Kenya na Uganda, ilipokea Mombasa vichwa vya GE B23-7, modeli ya nguvu farasi 2,250 iliyoundwa Marekani kati ya 1977 na 1984. Vilikuja vimekarabatiwa na vikatangazwa hivyo. Hakuna aibu katika hilo, na kichwa cha miaka 30 kilichokarabatiwa vizuri naweza kukipendekeza kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni mnunuzi kulipa bei ya kitu kipya kwa sababu ameona rangi mpya.

Ukarabati una ngazi zake. Kuna wa juujuu: rangi, taa, kiti cha dereva, vioo. Kuna wa injini: pistoni, laina (kuta za ndani za silinda) na hedi za silinda zinabadilishwa seti nzima, tabo (tabochaja) inafunguliwa, mota za umeme za kwenye ekseli, zinazozungusha magurudumu, zinasukwa waya upya. Na kuna ule wa kuvua kila kitu hadi fremu ibaki tupu, kisha kuanza kujenga upya. Vichwa vya ngazi zote tatu hutoka karakana na rangi ileile, na ukiviweka sambamba uwanjani hutavitofautisha kwa macho. Nyumba njema si mlango.

Basi angalia pale ambapo fundi wa rangi hafiki. Inama, tazama magurudumu. Flenji, yaani ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke relini, ikilika huwa nyembamba na yenye ncha kali, na hakuna rangi inayoweza kuirudishia unene. Beba geji yako ya kupimia, usiazime ya muuzaji. Kisha nenda kwenye bogi, yaani fremu ya chini inayoshika ekseli na magurudumu, kwenye maungio ya kuchomelea, hasa kona zinazobeba uzito wa mota. Hapo ndipo nyufa huanzia, na hapo ndipo rangi nzito iliyopakwa juzi inanitia wasiwasi kuliko kutu. Dawa inayopenya kwenye nyufa ili zionekane haifanyi kazi juu ya rangi. Mimi huandika kwenye masharti kwamba sehemu ninazozitaja zikwanguliwe hadi chuma kitupu kabla ya ukaguzi. Muuzaji akisema kukwangua kutaharibu mwonekano wa maonyesho, subiri maonyesho yaishe, lakini usisaini kabla hazijakwanguliwa.

Halafu oili. Chukua sampuli mwenyewe, injini ikiwa ya moto, upeleke maabara. Chuma kikizidi kwenye oili, laina au ringi zinalika. Shaba na risasi zikizidi, ni beringi. Kwenye injini za EMD, mtengenezaji wa Marekani, za mapigo mawili, kama zile za familia ya 645, muulize mtu wa maabara kuhusu fedha, yaani madini yenyewe, kwa sababu beringi za pini ya pistoni zina tabaka la fedha. Fedha ikipanda kwenye oili, injini hiyo inakwenda kufunguliwa, hata kama mwili wake umepakwa rangi ya dhahabu.

Mota nazo zipimwe kihami kwa mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, moja baada ya nyingine. Sitaki kusikia "zote ziko sawa", nataka karatasi yenye usomaji wa kila mota na tarehe. Ikiwa chini ya megaohmu 1, hatuendelei mpaka ijulikane kama ni unyevu wa safari ya meli au waya zimechoka.

La mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kichwa kiwashwe kikiwa cha baridi, mbele yako. Ukifika ukakuta injini tayari ina joto, rudi kesho asubuhi. Kabla ya kuwasha, fungua vali za majaribio za silinda na uzungushe injini taratibu. Maji yakiruka kwenye silinda mojawapo, ujue maji ya kupozea yanavujia ndani, na umeshapata jibu lako bila kuharibu chochote. Ikishawaka, omba ipelekwe hadi nochi ya 8, ngazi ya juu kabisa ya nguvu, ikiwa na mzigo. Vichwa vingi vyenye breki ya umeme vinaweza kujipima vyenyewe, umeme wa jenereta kuu ukipelekwa kwenye vizuizi vya umeme (rezista) vilivyo juu ya paa badala ya mota. Visivyoweza, vinaunganishwa na mzigo wa nje. Ama kichwa kitatoa nguvu kilichoandikiwa, ama hakitatoa.

Watengenezaji wenyewe walilijua hili zamani. Mwaka 1939 General Motors ilipotaka kuyashawishi mashirika ya reli ya Marekani yaache mvuke, ilitoa kichwa cha FT namba 103, cha kijani na manjano, kizuri kweli kukitazama. Lakini haikukiegesha uwanjani kipigwe picha. Kilivuta mizigo kwenye mashirika 20 ya reli kwa takriban miezi 11, zaidi ya kilomita 130,000, na wanunuzi wakajionea milimani na kwenye baridi. Hiyo ndiyo maana ya kuonyesha kichwa cha treni.

"Rangi ni urembo tu"

Hili ni kosa la upande wa pili, na linatoka kwa walewale nikishawakatalia picha zao. Rangi ni kinga. Chuma kisipopigwa mchanga hadi kiwe safi, kikapakwa praima inayostahili na tabaka la juu linalohimili dizeli na jua, kutu itafumuka chini yake, na hewa ya chumvi ya Mombasa au Dar es Salaam haisubiri. Uliza tabaka zilipakwa ngapi na kila moja ina unene gani.

"Injini ya dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu, kama lori"

Kwenye vichwa vingi unavyoviona, injini inazungusha jenereta au altaneta, na umeme ndio unaoendesha mota zilizo kwenye ekseli. Kuunganisha injini na magurudumu moja kwa moja kulijaribiwa: kichwa cha Diesel-Klose-Sulzer, kilichokamilika mwaka 1912, kilihitaji hewa iliyoshindiliwa ili kiondoke kituoni, kwa kuwa injini ya dizeli haiwezi kuanza kuvuta kutoka sifuri. Hakikufanikiwa. Vipo pia vya haidroliki, na TAZARA ilianza na vya aina hiyo kutoka China.

"Chenye nguvu farasi nyingi ndicho kinachovuta zaidi"

Kuondoka na mzigo mzito mlimani kunategemea uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa na mshiko wake kwenye reli. Ndiyo maana kichwa hubeba mchanga wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze. Nguvu farasi zinaamua utaupeleka mzigo huo kwa mwendo gani. Kichwa chepesi chenye nguvu nyingi kitateleza palepale.

"Nimekipenda, nakileta nyumbani"

Kwenye njia ipi? Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na TRC (Shirika la Reli Tanzania) ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067, na kwa sababu hiyo mizigo hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu. SGR, reli ya kisasa, ni 1,435, sawa na Ulaya, ila ya Tanzania inaendeshwa kwa umeme na ya Kenya ndiyo ya dizeli. Kisha kuna uzito kwa kila ekseli ambao madaraja yako yanaruhusu, kimo cha kichwa chini ya madaraja ya juu, na namna ya kuungana na mabehewa, kwa sababu vichwa vingi vya Ulaya vina bafa (vikinga mgongano) na ndoano ya skrubu ambayo mabehewa yetu hayana. Kubadilisha bogi kunawezekana, lakini gharama yake iingie kwenye hesabu kabla ya kulipa malipo ya awali, na barua ya idhini kutoka kwa mwenye reli iwe mkononi.