Maana ya 13-0 katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani

Kwenye habari za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (mchezo wa mpira wenye umbo la yai, si soka), jina la timu mara nyingi hufuatwa na namba mbili zilizotenganishwa na kistari: 10-2, 6-6, 0-12. Mgeni hudhani ni matokeo ya mechi, kumbe ni msimu mzima wa timu. Namba ya kwanza ni mechi ilizoshinda, ya pili ni ilizopoteza. Nafasi ya sare haipo, kwa sababu tangu 1996 mechi ikiisha kwa sare huenda muda wa nyongeza mpaka apatikane mshindi. Kwa hiyo 13-0 ni timu iliyoingia uwanjani mara 13 na haikufungwa hata mara moja.

Kwa sisi tuliokulia kwenye ligi za soka, timu ya namna hiyo ni bingwa, tena bila ubishi. Kule Marekani haikuwa lazima iwe hivyo.

Kwenye ligi ya soka kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu jedwali linajisemea lenyewe. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lina timu zaidi ya 120, na kila moja hupangiwa mechi 12 tu za kawaida, kabla ya zile za ubingwa na za mwisho wa msimu. Haziwezi kukutana zote. Vyuo hujigawa katika konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza zaidi vyenyewe kwa vyenyewe, na konferensi hizo hazilingani. Zipo zenye viwanja vya kuingiza watu 100,000 na mikataba minono ya televisheni, na zipo zinazojikongoja. Ndiyo maana mtu akitamba kwamba timu yake haijafungwa, swali linalofuata ni moja: imemfunga nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa ugumu wa ratiba, na uzito wa 13-0 yoyote hupimwa hapo.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni msimu wa 2017 wa University of Central Florida, UCF, chuo cha Orlando. Miaka miwili kabla, mwaka 2015, timu hiyo ilimaliza 0-12. Akaja kocha Scott Frost. Msimu wake wa kwanza ukaisha 6-7. Wa pili ukawa 13-0. Kutoka kupoteza mechi zote hadi kutopoteza hata moja, ndani ya miaka miwili!

Na haukuwa mteremko. Septemba kimbunga Irma kiliipiga Florida na kuvuruga ratiba, mechi dhidi ya Georgia Tech ikafutwa kabisa. Novemba, dhidi ya majirani zao wa South Florida, UCF waliona uongozi wao wa alama ukifutwa zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili: 42-42. Mpira wa kuanzia, ule unaopigwa baada ya timu kufunga, ukapigwa kwenda kwao. Mike Hughes akaudaka karibu kabisa na mstari wake wa nyuma, akapenya katikati ya kundi la watu waliokuwa wakimjia kasi, na hakusimama mpaka alipomaliza yadi 95 na kufunga upande wa pili wa uwanja. Ikaisha 49-42. Wiki iliyofuata walihitaji nyongeza mbili kuwatoa Memphis, 62-55, na kuchukua ubingwa wa konferensi yao.

Wakati huo ubingwa wa taifa uligombewa na timu nne tu, zilizochaguliwa na kamati ya watu 13. Kamati iliiweka UCF nafasi ya 12. Sababu ilikuwa ileile, ugumu wa ratiba: konferensi yao ilihesabiwa dhaifu. Nakubali kwamba ratiba lazima itazamwe, maana kushinda mechi 12 dhidi ya wanyonge si sawa na kushinda 11 dhidi ya vigogo. Lakini vigogo wenyewe hawakuwa na haja kubwa ya kukubali mechi na timu ya aina ya UCF, kwa kuwa wakishinda hawasifiwi na wakifungwa wanaaibika. Timu inaadhibiwa kwa kutocheza na watu wasiotaka kucheza nayo. Hapo sioni haki.

Walichopewa UCF ni Peach Bowl, mojawapo ya mechi za mwisho wa msimu ambazo timu hualikwa. Ilichezwa Atlanta tarehe 1 Januari 2018, dhidi ya Auburn. Na Auburn hawakuwa timu ya kuokoteza: katika mechi za kawaida za msimu huo walikuwa wamewafunga Georgia 40-17 na Alabama 26-14. UCF wakashinda 34-27. Nyota wa ulinzi siku hiyo alikuwa Shaquem Griffin, kijana aliyekatwa mkono wa kushoto akiwa na umri wa miaka minne. Kwa kiganja kimoja aliwakamata na kuwaangusha watu ambao wenzake wenye mikono miwili hawakuwaweza. Miezi michache baadaye Seattle Seahawks walimchukua kwenye ligi ya kulipwa.

Wiki moja baada ya Peach Bowl, fainali ya taifa ilichezwa na timu zipi? Alabama na Georgia, zote mbili zilizofungwa na Auburn. Alabama wakashinda 26-23 katika nyongeza na kumaliza 13-1. Timu pekee ya daraja hilo iliyomaliza bila kipigo ilikuwa UCF, wakajitangaza mabingwa wa taifa na kufanya gwaride Disney World.

Wapo waliowacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakitoi chenyewe ubingwa wa daraja hili. Kitabu chake cha kumbukumbu huorodhesha timu zilizowekwa kileleni na wapangaji wa viwango kinaowatambua. Mmoja wao, mfumo wa hesabu uitwao Colley Matrix, uliiweka UCF ya kwanza, na kwenye mstari wa 2017 jina lao limeandikwa pamoja na la Alabama.

Msimu wa 2024 milango ilipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa konferensi walioshika nafasi za juu zaidi walipewa nafasi ya uhakika.