Presha kidogo, sukari kidogo, na kiuno kinachopanuka

Presha 134/86. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 5.9. Kiuno, sentimita 102. Mwanamume mwenye karatasi hii ya vipimo mara nyingi ameshaambiwa kwingine kwamba yuko salama, na ukisoma mstari mmoja mmoja si uongo: sukari haijafika 7.0 ya kisukari, na presha ya kiasi hicho madaktari wengi hawaiandikii dawa. Mimi naisoma karatasi yote kwa pamoja. Amepata matatu kati ya mambo matano tunayoyapima, na hiyo inatosha kuitwa sindromu ya metaboliki, kundi la hitilafu zinazoandamana na kuuweka moyo hatarini. Mawili yaliyobaki ni trigliseridi, aina ya mafuta kwenye damu, kuanzia 1.7, na HDL, ile kolesteroli nzuri, kuwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke.

Daktari wa Marekani Gerald Reaven alipolieleza kundi hili mwaka 1988 hakuhesabu kitambi. Leo kitambi ndicho tunachoanzia. Mafuta ya mapajani hayana ukorofi mkubwa. Yanayozunguka matumbo ndiyo humwaga asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini. Ini hugeuka kiwanda cha trigliseridi, HDL hushuka, na chembe za LDL, ile kolesteroli mbaya, huwa ndogo, zenye kupenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa. Wakati huohuo mwili unakuwa mzito kuiitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, kongosho linazidisha kuitoa, na insulini hiyo nyingi inaziambia figo zishike chumvi. Presha inapanda.

Utando wa ndani wa mshipa nao hupungukiwa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa upitishe damu. Mshipa unakakamaa, mafuta yanajikusanya ukutani, na damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda. Bonge likiziba mshipa wa moyo ni shambulio la moyo. Likiziba wa ubongo ni kiharusi. Hata bila kuziba, moyo unaosukuma dhidi ya presha hunenepa misuli na kushindwa kulegea vizuri, ndiyo maana mtu anahema kwenye ngazi ilhali kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha moyo unasukuma kama kawaida.

Sisi wenye asili ya Afrika tuna mtego wetu: trigliseridi zetu mara nyingi husoma vizuri hata mwili ukiwa umeshagoma kuiitikia insulini. Usijifariji na mstari huo. Pima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Si pale suruali inapofungwa chini ya kitambi. Mpaka ni 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, ingawa namba hizo tumeziazima kwa Wazungu.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 95, asilimia 7 ya uzito ni kilo saba hivi. Presha na trigliseridi huanza kushuka ndani ya wiki chache. HDL ni kaidi, na uzito ukiwa bado unashuka inaweza hata kupungua kidogo. Kwa hiyo mgonjwa akirudi na HDL ileile, simbadilishii mpango.